Nyumba ya Mtaani Badala ya Hoteli kwa Wazazi Wanaosafiri Kuasili Mtoto: Tathmini ya Huduma

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na baadhi ya mawakala wa uasili wa kimataifa kwa wazazi waliokwisha kupangiwa mtoto na wanaolazimika kukaa katika nchi alikozaliwa mpaka mahakama na idara ya uhamiaji zimalize kazi yake. Badala ya kuwawekea chumba cha hoteli, wakala huwatafutia nyumba yenye samani katika mtaa wa watu wa kawaida, huwakutanisha na familia mwenyeji inayoishi jirani, na huwapa mkalimani na dereva kwa shughuli za kiofisi. Mimi na mwenzangu tuliitumia huduma hiyo tulipokwenda kumchukua mwanetu. Jina la wakala na la nchi sitayataja, kwa kuwa habari za maisha ya mtoto ni zake, na ni yeye atakayeamua siku moja amsimulie nani.

Muda wa kukaa ugenini hauamuliwi na mzazi. Nchini Kolombia wazazi hukaa na mtoto kwa wiki kadhaa ndani ya nchi kabla hukumu haijatolewa na hati zake za safari kukamilika. Bulgaria hutaka safari mbili, na katika ile ya kwanza mwombaji akae na mtoto kwa siku zisizopungua tano. Kwa hiyo swali la mahali pa kulala ni zito kuliko linavyoonekana kwenye fomu, maana hapo ndipo familia itakapoanza kuwa familia. Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu uasili baina ya nchi unaiagiza mamlaka ya nchi ya asili, katika kifungu cha 16, izingatie malezi ya mtoto pamoja na asili yake ya kikabila, kidini na kiutamaduni, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema jambo linalokaribiana na hilo katika kifungu cha 20, ukiongeza lugha. Taarifa tuliyopewa kuhusu mtoto ilikuwa na sehemu ya mambo hayo, imeandikwa kwa uangalifu, ila ilikuwa fupi. Yaliyokosekana humo tuliyapata mtaani.

Mwanetu alikuwa amelelewa na familia ya muda katika nyumba iliyotazamana na barabara, na hapa namsifu wakala kwa dhati: aliijua habari hiyo, akatutafutia nyumba katika mtaa wa aina ile ile. Tulipokabidhiwa mtoto, usiku wa kwanza hakulala. Tulifunga dirisha ili makelele yasimsumbue, tukazima taa, tukambembeleza kwa zamu, naye akakaa kitandani macho makavu akitazama ukuta. Mama mwenyeji alipopita asubuhi kutujulia hali na kusikia habari hiyo, alikwenda moja kwa moja dirishani, akalifungua kidogo, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu amezoea kusikia watu. Usiku uliofuata dirisha lilibaki wazi. Redio ya jirani ilisikika, watoto wakubwa walikuwa bado wanapiga mpira uchochoroni, mtu alikuwa akiburuta lango la duka kulifunga, na kabla lango halijafika chini mtoto alikuwa amekwisha kusinzia. Katika chumba cha hoteli chenye vioo visivyofunguka na kiyoyozi kinachonguruma, sijui tungeligundua vipi jambo hilo.

Faida nyingine ya kukaa mtaani ni kwamba humpa mtoto nafasi ya kujua kitu ambacho wazazi wake wapya hawakijui. Kila kitu kingine katika siku zile kilikuwa mikononi mwetu: nguo, ratiba, makaratasi, hata lugha ya mazungumzo yanayomhusu. Sokoni mambo yalibadilika. Aliushika mkoba mwenyewe, akatangulia, akawaamkia wauzaji kwa maneno tuliyokuwa bado tunayakosea, na tulipokaribia kivuko cha barabara alinishika kidole akanisimamisha mpaka magari yapite. Mtoto anayekabidhiwa kwa watu asiowajua anahitaji mahali ambapo yeye ndiye mwenyeji, na mahali hapo hapapatikani kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli wala kwenye basi la watalii.

Ubora wa huduma hii kwa kiasi kikubwa ni ubora wa familia mwenyeji. Mama yule alitufundisha kuchana nywele za mtoto bila kumuumiza, akatuimbia wimbo wa kubembelezea ambao mtoto aliutambua mara moja, akatueleza basi gani hupita wapi na saa ngapi halipandiki kwa msongamano. Zaidi ya yote, alitukinga na maswali. Watu wa mtaani ni wakarimu, lakini wakiona wageni na mtoto wa kwao huuliza waziwazi mama yake yuko wapi na kwa nini alimwacha, na huuliza mtoto akiwapo, katika lugha ambayo yeye anaielewa kuliko sisi. Mwenyeji aliyapokea maswali hayo kabla hayajamfikia, akayajibu kwa ufupi na kwa heshima, kisha akabadilisha mazungumzo. Hakuna mkalimani wa kukodi angeweza kufanya hivyo, kwa sababu jambo lenyewe halihitaji tafsiri bali linahitaji mtu anayeheshimiwa na majirani zake.

Hata hivyo, ukarimu huo huo una upande ambao wakala hakuwa ameushughulikia. Wataalamu wa malezi ya watoto walioasiliwa hushauri kwamba katika kipindi cha mwanzo wazazi wenyewe ndio wamlishe mtoto, wamwogeshe, wambebe na wamtulize anapolia, ili ajifunze kwamba shida yake ina mtu maalumu wa kuiendea. Mtaa haujui ushauri huo. Kila jirani alitaka kumbeba, kila bibi alimkumbatia, na mtoto ambaye amepita katika mikono mingi hukubali kwa urahisi kumwendea yeyote, jambo ambalo watu hulisifu kuwa ni uchangamfu ilhali mara nyingine ni dalili kwamba bado hajajua nani ni wake. Tulilazimika kumweleza mwenyeji wetu sisi wenyewe, kwa ishara za mkono mmoja na kamusi katika mkono wa pili, kwamba tunaomba mtoto akilia arudishwe kwetu. Alielewa na hakuona vibaya. Lakini mazungumzo hayo yalipaswa kufanywa na wakala kabla hatujafika, katika lugha ya mwenyeji, na mtu anayejua kueleza sababu bila kumfanya mama wa watu ajione ameshukiwa.

Ratiba nayo ina kasoro. Wakala alikuwa ametujazia siku za kusubiri kwa ziara za makumbusho, majengo ya kale na maduka makubwa, zote kwa gari, zote pamoja na familia nyingine zilizokuja kwa kazi hiyo hiyo. Kukutana na wenzetu kulikuwa na faraja yake, na siwezi kuibeza. Ila mtoto aliyebadilishiwa walezi juzi hahitaji kuzungushwa mji mzima akiwa amefungwa kwenye kiti cha gari. Baada ya ziara ya kwanza alikataa kula na alilia kila mlango wa gari ulipofunguliwa. Tuliomba ziara zilizobaki zifutwe, wakala akakubali bila ubishi, na tangu hapo siku zetu zikawa za kwenda dukani, kufua, kuanika nguo na kukaa kibarazani. Mkalimani alikuwa stadi mahakamani na ofisini, lakini saa zake ziliishia hapo, wakati ambapo tungemhitaji zaidi kwa zahanati na kwa mazungumzo na mlezi wa awali.

Kuhusu malipo, nina pingamizi moja. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Hague kinakataza mtu yeyote kujipatia faida isiyostahili kutokana na uasili, na kinaruhusu kutoza gharama na matumizi tu, pamoja na ada za kitaalamu zilizo za kadiri. Ankara yetu ilijumlisha kodi ya nyumba, ujira wa mwenyeji, ziara na ada za uasili katika kiasi kimoja, tukapata mchanganuo baada ya kuuomba kwa maandishi. Ulipokuja haukuwa na tatizo, lakini mzazi hapaswi kuuomba.

Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa kimataifa mwaka 2018, na China ikatangaza kuusitisha mwaka 2024 isipokuwa kwa baadhi ya ndugu. Programu ikifungwa, wakala anaweza kufunga ofisi na watu waliomfahamu mtoto wakatawanyika. Ndiyo maana ningependa huduma kama hii imsaidie mzazi kuandika jina la barabara, la mwalimu wa chekechea na la majirani wa familia ya muda, kwa ridhaa yao, na kurekodi sauti ya mwenyeji akiimba. Wakala wetu hakufanya hivyo, tulifanya sisi kwa msaada wa mama mwenyeji.

Naipendekeza huduma hii kwa mzazi anayeweza kuishi bila mapokezi ya saa zote na anayekubali kutembea kwa miguu. Kabla ya kutia saini, aulize mtoto alikuwa akiishi mazingira gani na kama nyumba inafanana nayo, ahakikishe saa za mkalimani zinajumuisha zahanati na kikao na mlezi wa awali, na atake kujua ni nani aliyemwandaa mwenyeji na alimweleza nini kuhusu kumbeba mtoto.