Mkono wa Rega RB300 na ubeti wa mwisho: uzoefu wangu hapa Lamu

Santuri nilizoachiwa na marehemu ami yangu ni mia moja na kumi na mbili, na takriban zote ni zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, nyingi zikiwa na nembo ya Mzuri ya Mombasa. Zimo za waimbaji wa taarabu: za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu hii hii, na za Juma Bhalo. Kwa miaka mingi nilizisikiliza zikiwa na ila moja, nayo ni kwamba ubeti wa mwisho wa kila upande haukusikika sawasawa: herufi ya s ilichanika, na nyuzi za udi zikawa kama zinapigwa nyuma ya pazia zito. Kwa mpenzi wa mashairi hasara hiyo si ndogo, kwa sababu ni katika beti za mwisho ndipo mtunzi anapotia tamati. Niliamini kwamba santuri zimechakaa. Sasa nimeutumia mkono wa Rega RB300, yaani ile fimbo inayobeba sindano juu ya santuri, kwa miezi kumi na minne, na nimejua kwamba lawama kubwa ilikuwa ya mkono niliokuwa nao, uliokuja na mashine ya bei nafuu ambayo sitaitaja jina.

Sababu yake inafaa kuelezwa, maana bila kuielewa mtu anaweza kununua mkono mzuri na asipate faida yoyote. Santuri inapochongwa kiwandani, kichwa cha kuchongea husafiri katika mstari ulionyooka kutoka ukingoni hadi katikati. Mkono wa nyumbani hauwezi kusafiri hivyo, kwa kuwa umefungwa kwenye egemeo na sindano yake hupita katika tao. Ili kupunguza tofauti hiyo, kichwa cha mkono hupindwa kwa pembe na sindano huachwa ivuke kidogo msumari wa katikati, ule unaoingia tundu la santuri, na hata hivyo sindano hukaa sambamba kabisa na mfuo, yaani mchirizi uliobeba sauti, katika sehemu mbili tu za santuri. Kwingineko kote pana kosa la pembe, na kosa hilo huumiza zaidi kuelekea katikati. Kwenye santuri ya mzunguko wa 45, mfuo wa ukingoni hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu milimita 400 kwa sekunde, ilhali ule wa ndani kabisa hupita kwa takriban 250. Sauti ile ile imebanwa katika urefu mdogo zaidi, na hapo ndipo ubeti wa mwisho ulipo.

RB300 ilitengenezwa Uingereza na ilitoka mwaka 1983. Bomba lake na kichwa chake vimemiminwa kwa aluminiamu kama kitu kimoja, hivyo hapana kiungio kinachoweza kulegea baina ya katriji, kile kijisanduku chenye sindano, na egemeo. Urefu kutoka egemeo hadi ncha ya sindano ni milimita 237, na kutoka egemeo hadi msumari wa katikati ni 222, kwa hiyo sindano huvuka msumari kwa milimita 15. Wangu niliununua ukiwa umeshatumika, kwa shilingi 38,000, ukafika Mokowe kwa basi na kuvuka kwa mashua ukiwa umefungwa ndani ya kanga mbili.

Kuufunga kulihitaji ubao mpya, na hapa nilibahatika kuishi katika mji wa wachonga milango. Fundi seremala wa mtaa wa Langoni alinikatia kipande cha mbambakofi, akatoboa tundu la egemeo huku mimi nikishika rula ya chuma, na hakukubali kuondoka mpaka tulipopima mara ya tatu na kukuta 222 kamili. Namshukuru, kwani kosa la milimita moja hapo lingetosha kuharibu kila nilichokieleza hapo juu.

Kuhusu kupanga katriji, wengi hufuata hesabu za Erik Löfgren wa Sweden za mwaka 1938, ambazo huweka sehemu mbili za usambamba kwenye milimita 66 na 121 kutoka katikati. Nilianza nazo, na kwa santuri kubwa za inchi 12 sikuona la kulalamikia. Lakini mifuo ya santuri zangu ndogo huingia ndani hadi karibu milimita 54, kwa hiyo nilihamia hesabu za J. K. Stevenson za mwaka 1966, zinazoisogeza sehemu ya ndani hadi milimita 60. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili na kioo cha kukuzia. Kisha nikaazima mizani ndogo ya sonara ili kuhakikisha uzito ambao sindano huugandamizia mfuo: springi ya mkono niliiweka kwenye gramu 1.75, na mizani ikaonyesha 1.8, jambo lililonipa imani.

Matokeo niliyasikia usiku ule ule. Mke wa ami, ambaye amezisikiliza santuri hizi tangu alipokuwa bibi harusi, alikaa kimya hadi upande wa pili ukaisha, kisha akaniambia, "Mwanangu, rudisha pale mwisho. Neno lile sijapata kulisikia." Nilirudisha mara tatu.

Nyumba zetu za ghorofa zina tatizo la dari za boriti, kwa sababu sakafu hutikisika mtu anapopita, na joto nalo huzipinda santuri. Mkono huu una uzito tendaji, yaani uzito unaohisiwa na sindano mkono unapotikisika, wa karibu gramu 11.5. Nikijumlisha katriji yangu na skrubu zake, na kuhesabu wepesi wa sindano yake kuyumba, mtetemo wa asili wa mkono unaangukia takriban hezi 8.4 (mitetemo kwa sekunde). Hapo ni juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini kabisa ya muziki, ambao huanzia karibu hezi 20. Hata hivyo nyayo hazikutulia mpaka nilipoiondoa mashine mezani na kuiweka juu ya rafu iliyopachikwa kwenye ukuta wa mawe.

Anayefikiria kuununua ajue kwamba mkono huu hauna kirekebishi cha kimo. Ukitumia katriji yenye kimo kikubwa zaidi utahitaji vipande vya kuinulia egemeo. Ukinunua uliotumika, ushike taratibu karibu na egemeo uone kama unacheza, maana beringi zilizopigwa hazina dawa. Mimi huufunika kila usiku dhidi ya upepo wa chumvi, hasa wakati wa kusi, wala sitii mafuta popote.

Zimebaki santuri tatu za zamani za mzunguko wa 78, ambazo mifuo yake ni mipana na hutaka sindano yenye ncha ya mikromita 75 hivi. Sindano niliyonayo ingezama na kukwaruza sakafu ya mfuo, kwa hiyo nimezisimamisha wima sandukuni, kila moja na karatasi yake, hadi nitakapopata inayozifaa.