"Ujumbe ulitumwa, dada": uzoefu wangu na kifaa cha joto la bruda

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hapa hakuna sehemu ya kuweka sifuri.

Nafuga kuku Kibaha, naishi Dar. Kwa mtu kama mimi kifaa hiki kilikuwa mkombozi: unakitundika juu ya bruda, yaani pale vifaranga wanapolelewa kwa joto, kina laini yake ndani, kinasoma joto na kulituma kwenye seva, kompyuta yao ya mtandaoni, joto likishuka simu yako inalia. Ikilia nampigia kijana wa banda anawasha jiko la mkaa. Miezi kadhaa mambo yalikuwa shwari. Nikakisifia mpaka majirani wawili wakanunua, na sasa nikipita kwao nawasalimia nikiwa mbali.

Usiku mmoja wa masika umeme ukakatika huko shamba. Sikujua. Kabla ya kulala nilifungua programu nikaona 33, rangi ya kijani. Usiku wa manane nikachungulia tena: 33, kijani. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, nikajifunika shuka langu. Alfajiri kijana ananipigia, sauti haitoki. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja juu ya maranda, wamepandana wakitafuta joto, wa chini wamebanwa mpaka wamekuwa bapa. Tuliokota 114 kati ya 300, tukawatia kwenye mfuko wa pumba. Na simu mkononi mwangu bado inasema 33! Namba ile ilikuwa ya saa mbili usiku. Imebaki pale kama picha ya marehemu ukutani, na hakuna hata alama ya kusema jamani hii ni ya jana.

Nikapiga huduma kwa wateja.

"Dada, kumbukumbu ya kifaa inaonyesha ujumbe ulitumwa."

Haukufika, nikasema.

"Ulitumwa, dada. Uliangalia simu vizuri?"

Mtoto ambaye ningeweza kumzaa! Nimepoteza vifaranga 114, ananiuliza kama najua kusoma simu. Hata pole hakunipa, na pole haina bei. Mjumbe hauawi, sawa, lakini huyu mjumbe wao hata mlangoni hakufika.

Siku kadhaa baadaye akapiga fundi wao, mwingine kabisa. Akaanza na shikamoo, akanipa pole, ndipo akasema ukweli. Vifaa hivi huongea na seva kwa utaratibu unaoitwa MQTT, nao una ngazi tatu za kufikisha ujumbe. Ngazi sifuri: kifaa kinarusha mara moja na kusahau, kikidhani kimemaliza kazi. Ngazi ya kwanza: kinangoja seva ijibu "nimepata", isipojibu kinarudia. Ya pili: wanathibitishana mpaka ufike mara moja tu, bila kurudiwa. Changu kiliwekwa sifuri. Umeme ulipokatika na mtandao ukayumba, ujumbe ukarushwa hewani ukaishia huko. Kwa nini sifuri? "Kupunguza matumizi ya data, mama." Data ipi, na kifurushi nalipa mimi kila mwezi? Akaniambia utaratibu huo ulibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa satelaiti. Kwa hiyo mafuta yamekuwa yakiangaliwa miaka yote hiyo, kuku wangu ndio wa kubahatisha.

Lakini niseme haki, alirekebisha, tena akiwa hukohuko ofisini. Akapandisha hadi ngazi ya kwanza, akawasha sehemu ya kifaa kujiwekea ujumbe mtandao ukipotea. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: kifaa sasa kinapiga hodi kwenye seva kila dakika, na ikipita dakika moja na nusu kimya, seva yenyewe inanitangazia "kifaa kimenyamaza". Wiki ileile ikanitangazia. Kumbe kijana kachomoa waya achaji simu yake, betri ya ndani ikaisha. Nilimgombeza huku nacheka. Hapo nilitaka kuja kuweka nyota nne.

Nikaacha, kwa sababu usiku wa saa tisa zilimiminika meseji sita, "JOTO LIMESHUKA", nyingine zimejirudia mara mbili. Kijana akakimbia bandani na tochi, amekanyaga tope pekupeku, akakuta nyuzi 34 na vifaranga wamelala raha mustarehe. Zilikuwa za saa moja jioni, zilikwama mtandao ulipopotea, nazo hazikuandikwa saa ya tukio, ila saa ya kufika. Fundi anasema kujirudia ni kawaida ya ngazi ya kwanza na programu ndiyo ilipaswa kuzichuja. Ilipaswa!

Je, ununue? Kama shamba liko mbali, ndiyo, maana bila kifaa ni giza tupu. Ila usikubali wakuondokee kabla hujachomoa umeme mwenyewe uone kama simu inalia. Nyota tatu basi, mbili kati ya hizo ni za yule fundi.

Hapana, narudi kwenye moja. Jana niliuliza habari ya fidia ya vifaranga, akapokea yuleyule wa mwanzo. Anasema majibu yalishatumwa kwenye barua pepe yangu.

Sijayaona.