Kununua franchaizi ya chakula Minnesota: ipi itangulie, ipi ingoje

Mwenye akiba anayetaka franchaizi, yaani haki ya kuendesha mkahawa kwa jina kubwa la kampuni nyingine, katika jimbo la Minnesota, Marekani, huanza kwa kuuliza jina lipi linauza zaidi, ilhali la kuuliza kwanza ni kiasi gani kitabaki mkononi mwake baada ya kulipa mrabaha (sehemu ya mauzo inayokwenda kwa kampuni mama yenye jina), pango na mishahara. Nimezipanga nafasi hizi kwa kigezo hicho.

Ya kwanza ni duka linalofanya kazi tayari, ambalo mwenyewe anataka kuliuza. Hapo mnunuzi hategemei makisio, bali huomba hesabu za kodi za miaka mitatu na kutazama mauzo ya mwezi hadi mwezi. Katika jimbo lenye baridi kali kama hili, Januari husema ukweli kuliko Julai. Kampuni mama sharti iridhie uhamisho, na mara nyingi humtaka mmiliki mpya alikarabati jengo, kwa hiyo gharama hiyo ijadiliwe kabla ya kukubaliana bei.

Ya pili ni Subway, wauzaji wa sandwichi, kwa sababu mtaji wake ni mdogo ukilinganishwa na wa wenzake. Hata hivyo, mrabaha wa asilimia 8 na mchango wa matangazo wa asilimia 4.5 hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida: wiki ya mauzo ya dola 10,000 huondoka na dola 1,250 kabla mkate haujalipiwa.

Dairy Queen, wauzaji wa aiskrimu wenye makao makuu humuhumu Minnesota, inafuata. Jina lake linapendwa sana, lakini kujenga mkahawa wake mpya wenye jiko kamili huvuka dola milioni moja. Kile kibanda chake maarufu cha mji wa Moorhead, kinachofunguliwa Machi 1 hata theluji ikiwa bado chini, kisimdanganye mtu, maana kinaendeshwa kwa mkataba wa zamani ambao mnunuzi wa leo hapewi.

McDonald's ni ya wenye uwezo mkubwa. Chick-fil-A, wauzaji wa kuku, naiweka mwisho: ada yake ya kuanzia ni dola 10,000 tu, lakini mwendeshaji hamiliki mkahawa, hawezi kuuuza wala kuurithisha. Kwangu mimi, hiyo ni kazi yenye kipato kizuri, si ununuzi.

Kwa mujibu wa kanuni za serikali kuu ya Marekani, muuzaji wa franchaizi hukupa waraka wa taarifa zake siku 14 kabla hujatia saini au kulipa chochote. Minnesota huongeza ulinzi wake: franchaizi husajiliwa katika Idara ya Biashara ya jimbo, na kwa kawaida mkataba hauvunjwi bila notisi ya siku 90, zikiwamo 60 za kurekebisha kosa. Katika waraka huo, kipengele cha 19 huonyesha mapato, kampuni ikiamua kuyatangaza, na cha 20 huorodhesha wamiliki waliopo pamoja na walioondoka karibuni. Wapigie simu hao walioondoka kwanza, uwaulize walilipwa kiasi gani walipouza.