Kadi za maana ya jina, Masasi: fremu safi, maneno yakaguliwe

Kadi ya jina yenye fremu, shilingi 12,000 kwenye stationari jirani na stendi ya Masasi, inafaa sana kwa zawadi ya ubatizo au kipaimara. Karatasi ni nzito, gramu 250, na wino hauachi alama kidoleni. Shida iko kwenye maneno.

Tazama kadi ya Konradi, jina lililozoeleka ukanda wa Ndanda na Lukuledi walikofika watawa Wabenediktini wa Kijerumani. Kadi inasema maana yake ni "mfalme". Si kweli. Aliyeiandaa amefuata sauti tu, maana mfalme kwa Kijerumani ni König. Jina lenyewe limeungwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale: kuoni, jasiri, na rat, shauri. Ni mtu asiyeogopa kutoa shauri barazani. Maana nzuri namna hii kuachwa nje ya kadi inasikitisha.

Safari ya jina nayo imerukwa. Konrad wa Kwanza alitawala Wafranki wa Mashariki, ufalme uliokuja kuwa Ujerumani, kuanzia 911 hadi 918. Italia likawa Corrado. Huko Napoli ndiko Konradin, yaani Konrad mdogo, mrithi wa mwisho wa kiume wa ukoo wa kifalme wa Hohenstaufen, alikokatwa kichwa 1268. Waholanzi husema Koenraad, au Koen kwa kifupi, na Wajerumani wenyewe wakalikata likawa Kurt. Duka linauza kadi ya Kurt kwa maana nyingine kabisa, wakati jina ni lile lile.

Siku ya somo, yaani mtakatifu wa jina, iliyochapwa ni 26 Novemba, ya Konrad askofu wa Konstanz, Ujerumani, aliyefariki 975. Lakini yupo pia Konrad wa Parzham, bawabu wa watawa Wakapuchini aliyetangazwa mtakatifu 1934, na sikukuu yake ni 21 Aprili. Waulize wazazi kwanza somo wa mtoto ni yupi.

Konrad, Conrad au Konradi: fuata cheti cha ubatizo herufi kwa herufi. Peleka maandishi yako kwenye simu na udai kuona sampuli kwenye kompyuta. Kabla ya kuchapa wanarekebisha bure, baada ya hapo unalipa upya.

Ikiwa kadi inakwenda Mtwara mjini au Lindi, waambie wazibe mgongo wa fremu kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Wanauacha wazi, na unyevu wa bahari hukunja karatasi.