Waya wa USB kwenda siriali: kwa mtu wa seva, nunua

Huu waya umenisaidia sana jamani. Seva ilikuwa inajizima yenyewe, skrini nyeusi tii, nikauchomeka kwenye poti ya siriali (tundu la zamani la seva la kutoa maandishi yake) na upande wa USB kwenye kompyuta yangu, zikaja herufi za ajabu ajabu tu, kumbe spidi upande wa kompyuta yangu iko biti 9600 kwa sekunde na seva inaongea kwa 115200, kubadilisha tu maandishi yakatoka safi, logi (kumbukumbu za seva) ikaonyesha kati ya pawa saplai zake mbili, yaani vifaa vya kuilisha umeme, moja ilishakufa kitambo, kwa hiyo waya wa umeme wa ile iliyobaki ukilegea kidogo tu, seva chini. Skrubu za kichwani zinashika vizuri. Ila pini 2 na 3 (za kupokea na kutuma data) hazijapishanishwa, seva yangu ilihitaji adapta ya kupishanisha, wangeandika kwenye boksi bana. Nyota 4.