Tathmini: Kufungiwa mfumo wa umwagiliaji Texas na fundi mwenye leseni

Kazi hii ninaipa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuinyima nyota moja itaonekana baadaye. Nilihamia Texas nikitokea North Carolina, ambako bustani yangu ilifungwa mabomba na fundi asiye na leseni, naye hakuwa amevunja sheria yoyote. Katika jimbo hilo, leseni ya mkandarasi wa umwagiliaji haihitajiki kwa kazi ambayo gharama yake yote, vifaa pamoja na ufundi, haifiki dola 2,500. Nilidhani Texas nako kuna kiwango cha namna hiyo, kumbe jimbo hili halipimi kazi kwa fedha: mwenye nyumba anaruhusiwa kujifungia mfumo katika kiwanja chake mwenyewe, lakini anayelipwa kuubuni na kuufunga katika bustani ya mtu mwingine hana budi kuwa na leseni ya tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ.

Kampuni niliyoichagua ilinivutia kwa jambo dogo. Ubavuni mwa gari lao palikuwa na namba inayoanza kwa herufi LI (kifupi cha Licensed Irrigator, yaani fundi wa umwagiliaji mwenye leseni), kubwa ya kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Sheria inataka herufi hizo zisipungue urefu wa inchi 2 na ziwe pande zote mbili za gari. Niliitafuta namba hiyo katika tovuti ya tume, nikakuta leseni bado ni hai. Mwenye leseni hiyo huwa amesoma kozi ya saa 40 na kufaulu mtihani, na ili aihuishe kila baada ya miaka 3 hupaswa kuonyesha saa 24 za masomo ya ziada.

Mkataba ulikuwa wa maandishi, wenye bei kamili, namba ya leseni na sentensi inayomweleza mteja kwamba umwagiliaji unasimamiwa na TCEQ. Mafundi walipofika, mchoro wa mfumo ulikuwa nao pale kiwanjani, na katika siku zote za uchimbaji hapakukosekana mtu mwenye leseni. Mabomba yalifukiwa kina cha inchi 6 au zaidi, vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la maji ya kunywa ikafungwa, na kihisi cha mvua kikaunganishwa na saa inayofungulia maji. Kwa maoni yangu, vali hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini kazi hii idhibitiwe, kwa kuwa maji yaliyolala kwenye udongo wenye mbolea na dawa yakirudi nyuma, hayadhuru nyumba moja tu.

Kasoro zilikuwa mbili. Mchoro wa kwanza uliweka vinyunyizio katika kipande chembamba cha nyasi kati ya njia ya gari na njia ya miguu, ambacho upana wake haufiki inchi 48, mahali ambapo kanuni za Texas zinakataza vinyunyizio vya juu ya ardhi kwa sababu maji mengi huishia kwenye saruji. Nilipouliza, walibadilisha na kuweka mabomba ya matone bila ubishi, ila si kazi ya mteja kumkumbusha fundi kanuni zake. Kasoro ya pili nitaifikia.

Walio katika majimbo mengine wasitarajie utaratibu huu huu. California haina leseni ya umwagiliaji pekee kwa kazi za bustani. Kazi hiyo huingia katika leseni ya C-27 ya wakandarasi wa mandhari, inayodai uzoefu wa miaka 4. Connecticut huiweka chini ya mafundi bomba. Leseni ya Texas, hata iwe safi namna gani, haimruhusu mwenye nayo kuvuka mpaka na kufanya kazi huko.

Mwisho wa kazi, msimamizi alinitembeza bustani nzima, akawasha kila eneo kwa zamu, akanikabidhi mchoro wa mfumo jinsi ulivyofungwa pamoja na orodha ya matunzo. Kasoro ya pili ndiyo hii: kibandiko cha kudumu chenye jina lake, namba ya leseni na tarehe za kipindi cha dhamana, ambacho hutakiwa kubandikwa kwenye saa ya kuongozea maji, alikisahau. Nilipiga simu mara mbili, na siku ya tisa akaja kukibandika mwenyewe.