Laptopu ya mtumba kwa mtumiaji wa niri: anza na vidole vitatu

Mwezi wa sita nilipigwa. Siyo na wale wa "tuma kwenye namba hii", nilipigwa dukani, mchana kweupe, barabara ya Sokoine hapa Arusha, na hela nilihesabu mwenyewe: laki sita na nusu. Laptopu ilikuwa safi, kioo hakina hata doa, RAM 16, jenereshini ya 8. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii umeokota." Nikafika nayo nyumbani Sakina, nikaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikaweka niri, nikatandika vidole vitatu kwenye tachipedi nikavuta kushoto. Kimya. Nikavuta tena, mshale ukaruka pembeni kama panzi. Niliporudi dukani kesho yake wakanipa kipanya cha bure na kuniuliza nalia nini.

Kwa ambaye hajakutana nayo, niri ni programu ya kupanga madirisha kwenye Linux. Programu nyingi za aina hiyo, kila ukifungua dirisha jipya, yaliyopo yanabanwa, na ukifika la tano umebaki na vichochoro. niri inayaweka kwenye ukanda mmoja unaoendelea kulia bila kikomo, na dirisha jipya haligusi upana wa mwenzake. Ni kama jora la kitenge juu ya kaunta: unavuta sehemu unayotaka kuiona, lililobaki limekunjwa pembeni likikusubiri. Wazo lilitoka PaperWM, ya watumiaji wa GNOME, mojawapo ya sura za mezani za Linux. Wa KDE, sura nyingine, wana Karousel.

Kwa hiyo kuvuta ndiyo kazi yenyewe. Vidole vitatu kushoto na kulia, unatembea kwenye ukanda. Vitatu juu na chini, unahamia ukanda mwingine. Vinne kwenda juu, tangu toleo la 25.05, unaona kila kitu kwa mbali. Njia ya vitufe vya kibodi ipo, na nikiandika programu ndiyo ninayoitumia. Lakini nikisoma, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, na huo mwingine unataka tachipedi inayosikia.

Ndiyo maana sitawachosha na habari za prosesa. Wote mnajua kuuliza RAM na SSD, na muuzaji anajua mtauliza. Hakuna anayeuliza tachipedi inaona vidole vingapi. Nyingi za zamani zimeunganishwa kwa njia ya PS/2, ile ya vipanya vya enzi zile, na kwa njia hiyo nyingi zinaeleza mahali vilipo vidole viwili tu. Cha tatu kinahesabiwa, lakini ni kama abiria aliyesimama kwenye daladala: konda anajua yupo, siti hana. Zipo zenye njia ya pili, na Linux ikiitumia vidole vyote vinaonekana. Kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi.

Nenda dukani na flashi yenye Fedora Workstation, aina mojawapo ya Linux. Washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyomo: F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Ikifunguka, peleka vidole vitatu juu. Madirisha yakijikusanya na kukuonyesha yote, kuna uhai. Rudia mara ishirini, polepole, kisha haraka, kisha ukianzia kwenye kona. Usikubali akuonyeshe kwenye Windows, kwa sababu huko kuna draiva nyingine kabisa, na Windows ndiyo iliyonidanganya mimi. Halafu inama uitazame tachipedi kwa ubavu. Ikiwa imeinuka upande mmoja au haibonyei, mara nyingi ni betri imevimba chini yake. Rudisha hapo hapo.

Chaguo langu la kwanza ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, na sijifichi, nina upendeleo. Niliinunua baada ya ule msiba. Vidole vitatu inavisikia, vinne inavisikia, na vitufe vya kubonyeza viko upande wa juu wa tachipedi, peke yao, kwa hiyo kidole gumba hakiharibu mvuto. Ina betri mbili, moja ndani na moja unaichomoa kwa nyuma, kwa hiyo umeme ukikatika unabadilisha ya nyuma bila kuzima. Nafasi za RAM ni mbili. Weka 16 kama unapenda kuijenga niri mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, maana imeandikwa kwa lugha ya Rust, na Rust ikianza kujenga inakula RAM bila aibu. Kuwa makini na vitu viwili. Tundu la chaja lisicheze, na uliza kama Thunderbolt, lile tundu linalopitisha data na chaji, imewekewa firmuwea mpya, yaani programu yake ya ndani, kwa sababu ya awali ilikuwa na kasoro inayoweza kuua uchaji. Pili, kikatae kabisa kioo cha 1366 kwa 768. Nusu ya kioo hicho ni pikseli 683, na niri inapenda kukupa nusu.

Ya pili, Dell Latitude 7490. Imara, nafasi mbili za RAM, vitufe vyake vipo. Kama T480 zimeisha sokoni, chukua hii na usilie sana.

Ya tatu, HP EliteBook 840 G5. Nzuri machoni kuliko zote, lakini baadhi zina kioo cha Sure View cha kuzuia jirani asichungulie, na kioo hicho kinakuchosha hata wewe mwenyewe. Uliza kabla.

Za bei ya chini? ThinkPad T440 ziko tele. Lenovo iliondoa vile vitufe vya juu kwenye T440, ikavirudisha kwenye T450. Nunua T450. Basi.

Sasa niseme la moyoni. Kaka mmoja wa Moshi ameniandikia kwamba alipotoa flashi, muuzaji alimwambia ataleta virusi. Virusi kwenye mashine inayouzwa tupu! Mwingine alikuta BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, imefungwa kwa neno la siri la ofisi ya ng'ambo, akaambiwa "fundi atatoa kesho". Kesho haikufika. Ukikuta hivyo ondoka, hata kama bei ni tamu. Na hapa kwetu mji wa watalii kuna wanaotaja bei kwa dola, ukishtuka wanakukokotolea kwa kiwango cha kichwani mwao, wakati tangu 2025 serikali imepiga marufuku kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwambie akutajie shilingi, kisha anza kushuka.

Mimi siku ya T480 nilidai waranti ya wiki mbili, na kwenye risiti iandikwe kwamba tachipedi inasoma vidole vitatu. Kijana akaandika "tachi iko poa". Nikamrudishia kalamu.